Maumivu ya mgongo, shingo na magoti: Tiba ya mikono inasaidia kiasi gani?

Na Mwandishi Wetu

UKIINGIA msikitini wakati wa swala ya Ijumaa, tupa jicho kwenye viti vya plastiki vilivyopangwa mwishoni mwa safu. Wapo wazee waliokalia viti hivyo kwa sababu ya umri, lakini hutakosa kumwona mtu wa miaka 40 na kitu ambaye kwa kumtazama ni mzima kabisa. Ukimuuliza atakuambia: "Sheikh, goti hili likikunjwa halikunjuki." Au: "Mgongo, ndugu yangu. Nikirukuu naogopa nisiinuke."

Toka hapo nenda mtaani. Fundi cherehani aliyeinamia kitambaa tangu asubuhi anajishika shingo. Dereva wa daladala anashuka kituoni mkono ukiwa kiunoni. Mama aliyejitwisha ndoo za maji tangu usichana wake hawezi tena kuinuka kitandani bila kujigeuza ubavu kwanza. Hao wote wanaumwa, lakini wengi wao hawajihesabu kuwa ni wagonjwa. Wanasema ni uchovu tu, au ni baridi.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), mwaka 2020 watu wapatao milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya sehemu ya chini ya mgongo. Shirika hilo linayataja maumivu hayo kuwa ndiyo yanayoongoza kwa kuwafanya watu washindwe kufanya shughuli zao.

Mtu akishaumwa, mara nyingi hushika njia moja kati ya mbili. Ya kwanza ni duka la dawa. Ananunua vidonge vya kutuliza maumivu kama diklofenaki au ibuprofeni, anameza, anapata nafuu, na vikiisha ananunua vingine. Ya pili ni kwenda kwa mkandaji, anayemchua kwa mafuta ya nazi au ya ufuta mpaka mwili ulegee.

Kuna na njia ya tatu ambayo wengi huisikia kwa ndugu zao walioko Uingereza, Marekani au Ulaya, nayo ni tiba iitwayo osteopathi. Ndugu anapiga simu anasema, "Mimi huku nilitibiwa kwa mikono tu, sikupewa hata kidonge." Aliyeko huku anabaki anajiuliza: Je, ni kitu cha kweli? Ni kukandwa kulekule kwa bibi kulikopewa jina la kigeni? Na je, anayeumwa goti anaweza kutarajia kurudi kwenye sijda?

Makala hii inajaribu kuyajibu maswali hayo.

Osteopathi ni nini?

Jina hili limetokana na maneno mawili ya Kiyunani: moja lina maana ya mfupa, na jingine lina maana ya maumivu au mateso. Ni tiba ambayo mtabibu hutumia mikono yake kuchunguza na kutibu mifupa, viungo, misuli na kano. Msingi wake ni kwamba mwili ni kitu kimoja: mtu anayeumwa kiuno huenda nyonga yake imekaza, au anatembea vibaya kwa sababu ya kifundo cha mguu alichowahi kuteguka. Kwa hiyo mtabibu hatazami pale panapouma tu.

Ni vizuri kujua kuwa jina hili halina maana moja katika kila nchi. Kule Marekani, aliyehitimu chuo cha osteopathi ni daktari kamili. Anaandika dawa, anafanya upasuaji na anafanya kazi hospitalini kama madaktari wengine, na mafunzo ya mikono aliyapata kama nyongeza. Uingereza, Ufaransa na Australia hali ni tofauti. Huko mtaalamu wa osteopathi anashughulika na mwili kwa mikono na kwa ushauri, na kwa kawaida hatoi dawa wala hafanyi upasuaji. Uingereza imeitungia fani hii sheria yake tangu mwaka 1993, na mtu yeyote asiyesajiliwa na baraza linaloisimamia haruhusiwi kujiita mtabibu wa osteopathi.

Ilikotoka

Mwanzilishi wake ni Mmarekani aliyeitwa Andrew Taylor Still, aliyezaliwa mwaka 1828 katika jimbo la Virginia. Yeye mwenyewe alisimulia kuwa alipokuwa mtoto aliumwa sana kichwa, akafunga kamba kati ya miti miwili, akaishusha karibu na ardhi, akatandika blanketi juu yake na kulaza shingo kama vile kwenye mto. Usingizi ukamchukua, na alipoamka kichwa kilikuwa kimeacha kuuma.

Alipokuwa mtu mzima alifanya kazi ya utabibu. Mwaka 1864 ugonjwa wa uti wa mgongo uliwaua watoto wake watatu, na dawa za zama hizo hazikuwafaa kitu. Tukumbuke kuwa wakati huo madaktari waliwapa wagonjwa zebaki, pombe na kasumba, na mara nyingi dawa yenyewe ndiyo iliyomdhuru mgonjwa. Msiba huo ulimfanya atafute njia nyingine. Mwaka 1874 alitangaza fani yake mpya, na mwaka 1892 alifungua chuo katika mji wa Kirksville, jimbo la Missouri, akisomesha wanaume kwa wanawake. Mwanafunzi wake mmoja kutoka Scotland, John Martin Littlejohn, ndiye aliyeanzisha chuo cha osteopathi mjini London mwaka 1917, mwaka ambao Still alifariki.

Still alikosea katika jambo moja kubwa. Aliamini kuwa karibu maradhi yote yanaanzia kwenye mifupa iliyokaa vibaya na kuzuia mtiririko wa damu. Leo tunajua kuwa malaria inaletwa na vimelea na kifua kikuu kinaletwa na bakteria, na hakuna mgongo utakaonyooshwa ukayaondoa. Tiba aliyoiacha imebaki na manufaa yake katika eneo dogo zaidi kuliko alivyodhani, yaani maumivu ya misuli na viungo.

Mtabibu anafanya nini?

Mtabibu anayeijua kazi yake haanzi kwa kukugusa. Anaanza kwa kukuuliza. Maumivu yalianza lini? Yanazidi ukikaa au ukitembea? Yanakuamsha usiku? Uliwahi kuanguka? Unatumia dawa gani? Umepungua uzito? Maswali haya yana kazi kubwa, kama tutakavyoona mbele.

Kisha anakutazama unavyosimama, unavyoinama na unavyogeuka, na anapapasa kwa vidole kutafuta misuli iliyokaza na viungo visivyokwenda vizuri. Baada ya hapo ndipo anapotibu, na njia zake kuu ni nne.

Ya kwanza ni kukanda na kuinyoosha misuli taratibu. Hii haipishani sana na kuchua tunakokujua.

Ya pili ni kukitembeza kiungo. Mtabibu anashika mguu au mkono wako na kuuzungusha polepole mpaka pale unapoweza kufika, bila kulazimisha, tena na tena.

Ya tatu inamtaka mgonjwa mwenyewe afanye kazi. Unausukuma mkono wa mtabibu kwa nguvu kidogo, naye anauzuia, kwa sekunde chache. Ukiacha kusukuma, msuli unalegea na yeye anauvuta mbele kidogo. Mnarudia mara tatu au nne. Watu waliokaza shingo au misuli ya nyuma ya paja huvumilia njia hii vizuri kwa sababu haina kushtua.

Ya nne ndiyo inayojulikana zaidi na kuogopwa zaidi. Ni msukumo mfupi wa haraka kwenye pingili za mgongo au shingo, ambao mara nyingi hutoa mlio wa "ka!" Si lazima kila mgonjwa afanyiwe hivyo, na una haki ya kusema hutaki.

Kuhusu suala la kujihifadhi, ambalo kwetu ni zito, mgonjwa ana haki ya kuomba atibiwe na mtabibu wa jinsia yake. Ana haki ya kuwa na mtu wake ndani ya chumba, na ya kufunuliwa ile sehemu inayohitajika tu. Kazi nyingi kati ya hizi zinaweza kufanywa juu ya nguo nyepesi. Mtabibu anayekasirishwa na maombi hayo si wa kurudi kwake.

Je, mfupa unarudi mahali pake?

Watu wengi wanaamini kuwa ule mlio ni mfupa uliokuwa umehama sasa umerudi. Wapo hata watabibu wanaowaambia wagonjwa hivyo. Si kweli. Ndani ya kiungo kuna ute unaolainisha. Viungo vikivutwa ghafla, kunatokea nafasi yenye gesi ndani ya ute huo, na ndipo unaposikia mlio. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta huko Kanada waliliona jambo hili kwa kupiga picha viungo vya vidole wakati vinaalika. Ni mlio uleule unaousikia ukialisha vidole vyako mwenyewe.

Pingili iliyohama kweli ni jambo la ajali na ni la hospitali. Mtu hatembei nayo mtaani akingoja kusukumwa.

Sasa kama mfupa haurudi, kwa nini mgonjwa anapata nafuu? Maelezo ya wataalamu ni kuwa mguso na mwendo unapeleka habari nyingine kwenye mishipa ya fahamu, na ubongo unapunguza ile kengele ya maumivu. Misuli iliyojikaza kwa kujihami inalegea. Jambo jingine ni kwamba mtu aliyekuwa anaogopa kuinama anagundua kuwa anaweza kuinama. Hofu ikipungua anaanza kutembea, na kutembea kwenyewe ni dawa.

Hapa ndipo palipo na kiini cha makala hii. Nafuu ya mikono ni ya muda. Inaweza kudumu siku chache au wiki chache. Anayeitumia nafasi hiyo kuanza kujinyoosha, kutembea na kuimarisha misuli yake, anafaidika. Anayerudi kukaa palepale akisubiri zamu ya kukandwa tena, maumivu yatamrudia na fedha zitamwishia.

Utafiti unasema nini?

Tiba hii imefanyiwa majaribio mengi ya kitabibu, hasa kwa maumivu ya mgongo, na matokeo yake yanafaa kusemwa kama yalivyo.

Mwaka 1999 kulichapishwa utafiti wa Marekani uliowagawa wagonjwa wa mgongo makundi mawili. Kundi moja lilipata matibabu ya kawaida ya hospitali na jingine likapata osteopathi. Baada ya wiki 12 makundi yote mawili yalikuwa yamepata nafuu inayolingana. Tofauti iliyoonekana ni kwamba waliotibiwa kwa mikono walitumia dawa chache zaidi.

Nchini Uingereza, utafiti uliotolewa mwaka 2004 uliwahusisha wagonjwa 1,334. Waliofanyiwa tiba ya mikono, ambayo miongoni mwa walioitoa walikuwamo watabibu wa osteopathi, walipata nafuu zaidi kuliko waliopata huduma ya kawaida ya daktari peke yake. Hata hivyo tofauti haikuwa kubwa, na baada ya mwaka ilikuwa imepungua.

Mwaka 2021 Wafaransa walitoa matokeo ya utafiti wa wagonjwa 400. Nusu walipata osteopathi ya kweli na nusu waliguswaguswa tu kwa namna ya kuigiza, bila wao kuambiwa. Baada ya miezi mitatu, waliopata tiba ya kweli walikuwa wanafanya shughuli zao vizuri kidogo zaidi, lakini tofauti ilikuwa ndogo kiasi kwamba watafiti wenyewe walisema huenda mgonjwa asiihisi.

Kutokana na tafiti za aina hii, mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2016 unaruhusu tiba ya mikono kwa maumivu ya mgongo kwa sharti kwamba iambatane na mazoezi. WHO nayo katika mwongozo wake wa Desemba 2023 imeitaja tiba ya mikono na kuchua kuwa miongoni mwa mambo yanayoweza kumsaidia mwenye maumivu sugu ya mgongo, pamoja na mazoezi na kumwelimisha mgonjwa. Mwongozo huohuo unashauri kutomfungisha mgonjwa mikanda ya kiuno, ile ambayo wengi wetu tumeinunua.

Kwa hiyo tukisema kwa ufupi, osteopathi si muujiza na si uongo. Ni msaada wa kiasi.

Kwa nini msaada huo una thamani

Mtu anaweza kusema, "Kama msaada wenyewe ni mdogo, si bora nimeze kidonge?" Hapo ndipo penye hatari. Diklofenaki, ibuprofeni na dawa za jamii yao zinafaa kwa siku chache, kwa kipimo alichosema daktari. Zikitumiwa kila siku kwa miezi, huweza kuchubua tumbo na kuleta vidonda vinavyovuja damu, kupandisha shinikizo la damu na kuharibu figo. Hatari ni kubwa zaidi kwa mzee, kwa mwenye kisukari, kwa mwenye presha na kwa aliyewahi kuwa na vidonda vya tumbo. Watu hao ndio hasa wanaoumwa magoti na migongo.

Kuna mtu anaanza na goti na kumalizia na figo. Kwa mtu wa namna hiyo, tiba yoyote salama inayompunguzia vidonge ni faida, hata kama nafuu yake si kubwa.

Maumivu gani yanasaidika?

Maumivu ya chini ya mgongo ambayo hayana ugonjwa mwingine nyuma yake ndiyo yenye ushahidi mwingi zaidi. Yanafuatiwa na maumivu ya shingo, pamoja na yale ya kichwa yanayoanzia shingoni. Wajawazito wenye maumivu ya kiuno nao wapo waliopata nafuu, lakini ni lazima mtabibu ajue kuwa una mimba na kliniki yako ijue kuwa unatibiwa.

Bega lililokaza linaweza kufaidika likiambatanishwa na mazoezi, ingawa huchukua muda mrefu.

Goti lina habari yake. Kwa watu wazima, maumivu mengi ya goti hutokana na gegedu kulika. Mikono inaweza kulegeza misuli ya paja na kulifanya goti likunjike vizuri zaidi, lakini haioteshi gegedu. Mambo mawili ndiyo yenye nguvu hapa: kuimarisha misuli ya paja na kupunguza uzito. Utafiti mmoja wa Marekani wa mwaka 2005 ulionyesha kuwa kila kilo moja unayoipunguza mwilini inaliondolea goti mzigo wa kilo nne kwa kila hatua unayopiga. Aliyepunguza kilo tano amelipumzisha goti kilo 20 kwa kila hatua.

Jongo na baridi yabisi ni maradhi ya damu na kinga ya mwili. Yanahitaji vipimo na dawa zake. Kiungo kilichovimba, chekundu na cha moto hakikandwi.

Ama yule anayekuambia kuwa kwa kukunyoosha mgongo atakuponya pumu, kisukari au presha, huyo mpe mkono wa kwaheri. Ushahidi huo haupo. Vilevile madai ya kutibu maradhi mbalimbali kwa kumshikashika mtoto mchanga kichwa hayajathibitishwa.

Dalili ambazo si za kukandwa

Ndugu msomaji, sehemu hii isome mara mbili na umsomee na mzee wako nyumbani. Usikubali mtu yeyote akukande au akunyooshe, awe mtabibu mwenye cheti au mkandaji wa mtaani, ukiwa na mojawapo ya dalili hizi kabla hujaonwa hospitali:

1. Umeshindwa kuzuia mkojo au haja kubwa, au mkojo umekataa kutoka, au umekufa ganzi sehemu za siri na makalio. Hii ni dharura ya siku hiyohiyo.

2. Miguu inapoteza nguvu au ganzi inazidi.

3. Mgongo unauma pamoja na homa, kutoka jasho usiku au kukonda. Kwetu huku kifua kikuu bado kipo, nacho hakikai mapafuni tu. Kinaweza kuingia kwenye pingili za mgongo na kuzila polepole kwa miezi, mpaka mgongo utoke kibiongo. Mtu akikandwa na kusukumwa kwa nguvu katika hali hiyo, anaweza kupooza. Wakati huo dawa za kifua kikuu zipo na zinatibu.

4. Uliwahi kuugua saratani, au maumivu mapya yameanza ukiwa umevuka miaka 50 na hayatulii hata ukilala.

5. Umeanguka, umegongwa au umepata ajali ya pikipiki, au umetumia dawa za steroidi kwa muda mrefu, au umeambiwa mifupa yako ni dhaifu.

6. Maumivu ya bega au mkono wa kushoto yanayokuja na kubanwa kifua, jasho na kukosa pumzi. Huo unaweza kuwa moyo.

7. Mguu mmoja umevimba na kuuma nyuma ya ugoko. Huenda damu imeganda ndani, na kukanda kunaweza kuisukuma mpaka kwenye mapafu.

Kuhusu shingo, kuna tahadhari ya ziada. Mishipa miwili inayopeleka damu kwenye ubongo hupita ndani ya pingili za shingo. Ni mara chache sana, lakini imewahi kutokea shingo ikazungushwa kwa nguvu, ukuta wa mshipa ukachanika na mgonjwa akapata kiharusi. Kwa sababu hiyo ile tabia ya vinyozi kumaliza kunyoa kwa kukushika kidevu na kuialisha shingo si ya kukubali. Mwambie asante, inatosha.

Kwa tiba ya kawaida, maudhi yake ni madogo. Unaweza kuhisi mwili umechoka au unauma kwa siku moja au mbili kisha hali ikatulia.

Kama huna mtabibu wa osteopathi karibu

Afrika Mashariki wataalamu wa osteopathi ni wachache, na wengi wao wako kwenye miji mikubwa. Tusione kuwa tumekosa. Wataalamu wa fiziotherapia wapo katika hospitali za rufaa na nyingi za mikoa, na wanasomeshwa hapahapa, kwa mfano KCMC mjini Moshi. Tiba ya mikono ni sehemu ya mafunzo yao, na mazoezi ndiyo kazi yao kubwa. Mara nyingi mgonjwa hapelekwi kwao kwa sababu hakuuliza. Ukionana na daktari, muulize: "Daktari, naweza kuandikiwa niende fiziotherapia?"

Ukimpata anayejiita mtabibu wa osteopathi au wa tiba mbadala, muulize alisomea wapi, kwa miaka mingapi na amesajiliwa na nani. Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 na baraza lake linalosajili watoa huduma. Anayekutaka ulipe mara 20 kwa mkupuo kabla hujaona nafuu yoyote anatafuta fedha. Kama hakuna mabadiliko baada ya mara nne au sita, ni vyema kurudi kwa daktari.

Na mkandaji wetu wa mtaani je? Kama huna dalili tulizozitaja, kuchuliwa taratibu kwa mafuta hakuna ubaya na kunapunguza maumivu. Sharti ni asikukanyage mgongo, asiizungushe shingo yako, na asikande palipovimba au palipovunjika.

Fanya haya nyumbani

Usilale kitandani siku nyingi. Mgongo unaouma unataka mwendo. Maumivu mengi ya ghafla ya mgongo hupungua sana ndani ya wiki sita kwa mtu anayeendelea na shughuli zake kwa kiasi.

Tembea dakika 20 hadi 30 kila siku. Anayekaa kwa kazi, kama fundi cherehani, dereva au karani, ainuke na kujinyoosha kila baada ya nusu saa au zaidi kidogo.

Kwa mgongo: lala chali, kunja magoti, vuta goti moja kifuani kwa mikono, hesabu mpaka 20, kisha jingine. Halafu inua makalio kutoka sakafuni, hesabu mpaka tano, shusha. Fanya mara kumi asubuhi na jioni.

Kwa goti: kaa kwenye kiti kigumu, inuka bila kushika kitu, kaa tena polepole. Anza mara tano, ongeza mpaka 15. Ukishindwa, shika meza. Zoezi hili likizoeleka ndilo linalomrudisha mtu kwenye kuinuka na kushuka bila hofu. Kwenye swala, weka kitambaa kinene au mto mwembamba chini ya magoti.

Kwa shingo: rudisha kidevu nyuma kama anayetengeneza kidevu pacha, hesabu mpaka tano, legeza. Simu uinue mpaka usawa wa uso badala ya kuinamisha kichwa.

Taulo iliyochovywa maji ya moto na kukamuliwa vizuri, ikiwekwa kwa dakika 15 mahali palipokaza, husaidia bila gharama.

Ukiinua ndoo au gunia, kunja magoti, mzigo uwe karibu na tumbo, na usigeuze kiuno ukiwa umebeba.

Tukirudi kwa yule ndugu yetu wa kwenye kiti cha plastiki: kukaa kwake si kosa, kwani mgonjwa amepewa ruhusa ya kuswali kwa namna anayoiweza. Ila asiamue kuwa kiti hicho ni chake mpaka mwisho wa umri kabla hajachunguzwa. Kwanza amuone daktari ajue goti lina nini. Kisha apate mikono ya mtaalamu, awe wa osteopathi au wa fiziotherapia, limlegee. Baada ya hapo kazi inayobaki ni ya kwake mwenyewe, kila siku, mara kumi asubuhi na mara kumi jioni. Wapo watakaorudi kwenye sijda, na wapo watakaobaki kwenye kiti lakini wakiwa na maumivu kidogo na figo zao zikiwa salama.